Hatamu Puani, Mdomo Wazi

Mtoto alikuwa na kabalagala mkononi, lile andazi la ndizi, limebaki nusu, na alikuwa anamnyooshea mbwa wetu, Chui.

Watoto wengi wa Walukuba, mtaa wetu hapa Jinja, Uganda, humrushia mbwa chakula kwa mbali, mguu mmoja ukiwa tayari kukimbia. Huyu alikuwa amesogea mpaka vidole vyake vikawa mbele ya pua. Uso umechangamka, hana wasiwasi hata kidogo. Mama yangu ndiye aliyeshika kamba. Mimi nilikuwa nyuma yao hatua chache, nimebeba mfuko wa sokoni.

"Ngoja hapo, mwanangu," nikamwambia. "Usimkaribie."

"Hawezi kuuma, Anti. Si mmemfunga mdomo?"

Nikamshika bega, nikamrudisha nyuma taratibu. Chui alikuwa anatikisa mkia tu. Halikutokea lolote. Mtoto akamalizia kabalagala lake akaenda zake shuleni, nasi tukashika njia yetu.

Wiki nyingi zimepita na maneno yake hayajaniacha.

Mdomo wa Chui haukuwa umefungwa. Alichovaa usoni ni hatamu ya kichwani: ukanda mmoja mwembamba unaozunguka pua, mwingine unaopita nyuma ya masikio, na pete chini ya kidevu inayoshikwa na kamba. Akiwa nayo mbwa anapiga miayo, anahema, anakunywa maji, anatafuna mfupa. Akitaka kuuma, anauma.

Mtoto yule aliuona ukanda ukampa jibu ambalo ukanda wenyewe haukuwa nalo.

Kilo za Chui na magoti ya Mama

Chui tulimpata kwa jirani aliyehamia Mbarara. Ana damu ya wale mbwa wa Kijerumani wanaotumiwa na polisi, kifua kipana, rangi ya mabaka iliyompa jina. Maisha yake ya awali yalikuwa yale tunayoyajua sote: mchana mnyororoni, usiku anafunguliwa azunguke uani na kubweka. Barabara aliisikia kwa masikio na kuinusa kupitia nafasi ya chini ya geti.

Halafu Mama akaambiwa kliniki kwamba sukari imepanda, na kwamba dawa peke yake haitatosha. Atembee kila siku asubuhi kabla jua halijakaza.

Mama ni mtu aliyesimama kwenye mashine za kiwanda cha nguo miaka mingi, na magoti yake yanamkumbusha. Lakini kutembea alikubali, kwa sharti moja: aende na Chui. Alfajiri kwetu barabara zina walevi wanaorudi na vijana wanaovizia mikoba. Tena anampenda. Chui ndiye anayelala mlangoni kwake.

Kwa kola ya kawaida ya shingoni haikuwezekana. Chui alipotoka getini alitoka na mwili wote, pua chini, kamba imekaza, akikoroma kwa kujinyonga mwenyewe. Siku moja karibu na reli aliona mbuzi. Mama akaburutwa, akapiga goti moja chini kwenye kokoto. Alirudi nyumbani damu imeganda kwenye gauni lake la gomesi.

Dada yangu akapiga simu kutoka Kampala: mbwa atolewe, apewe mtu mwenye shamba.

Mama akajibu kwamba mbwa hatoki.

Kwa nini anavuta

Wanaume wa stendi ya boda walikuwa na ushauri tayari. Mnyororo unaokaba, au ule wenye meno kwa ndani. Mmoja akasema mbwa mkubwa haelewi lugha nyingine. Niliwasikiliza, kisha nikaenda kusoma, kwa sababu nilimwona Chui akikoroma kwenye ile kola na bado akivuta. Kama maumivu ya shingo yangekuwa mwalimu, angeshafuzu.

Mbwa havuti kwa ukaidi, wala hajaribu kumtawala mtu. Mwendo wake wa kawaida ni wa haraka kuliko wetu, hasa kuliko wa mama mwenye umri mkubwa. Na kila anapovuta akafika kwenye harufu aliyoitaka, amelipwa. Anavuta, anafika, anavuta, anafika. Hilo ndilo somo anapewa kila asubuhi na mtu anayemfuata nyuma akimkemea. Zaidi ya hapo, ukimkaza mbwa kwa kamba mwili wake huitikia kwa kusukuma upande wa pili.

Wakati huohuo kola inafanya kazi yake shingoni. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani walichapisha vipimo vya mbwa 26 na kuonyesha kwamba mbwa akivuta kwa kola ya shingoni, shinikizo ndani ya macho yake hupanda. Akivuta kwa mkanda wa kifuani, halipandi. Shingo ya mbwa imebeba njia ya hewa na mishipa kama yetu. Sijui tulipata wapi wazo kwamba ni mahali pa kuvutia tu.

Basi kwa nini tusimvalishe mkanda wa kifuani? Tulifikiria. Ile ambayo kamba hufungwa mgongoni ni starehe kwa mbwa, lakini inampa kifua chote cha kuvutia. Mbwa wanaokokota sleji kwenye theluji huvalishwa mikanda ya namna hiyo kwa sababu hiyohiyo. Ile yenye pete mbele ya kifua ni bora, humgeuza mbwa kidogo akivuta. Tuliijaribu, ikapunguza. Kwangu ingetosha. Kwa Mama haikutosha.

Kichwa kinapoelekea

Farasi hawamshindi mpandaji kwa uzito, ingawa wanamzidi mara nyingi. Wanaongozwa kwa kichwa. Punda wanaobeba mahindi kwenye miteremko ya Kapchorwa wanaongozwa na watoto, kamba ikiwa kichwani. Hatamu ya mbwa ni wazo hilohilo, na kwa mbwa si la zamani sana. Uingereza, mtaalamu wa tabia za wanyama Roger Mugford alibuni ile inayoitwa Halti. Marekani, miaka ya 1980, daktari wa mifugo Robert Anderson wa Chuo Kikuu cha Minnesota pamoja na mkufunzi wa mbwa Ruth Foster walitengeneza ile inayoitwa Gentle Leader.

Zote zinategemea jambo moja. Nguvu ya mbwa iko mabegani na kifuani, lakini pua ndiyo inayotangulia. Akichomoka kwenda mbele, pete iliyo chini ya kidevu inabaki nyuma, kichwa kinageuka upande wa aliyeshika kamba, na mwili unafuata kichwa. Havutwi kurudi, anageuzwa. Mtu mwenye mkono dhaifu hawezi kumzuia mbwa mkubwa kwa nguvu, lakini anaweza kumgeuza.

Ya kwetu ilishonwa na fundi viatu pale karibu na soko kuu la Jinja. Nilimpelekea picha kwenye simu. Alitumia utepe wa nailoni wa mkoba wa shule na bizimu ndogo, akaweka kipande cha ngozi laini upande unaogusa pua, jambo ambalo sikumwomba na ambalo nilimshukuru sana baadaye, kwa sababu ukanda mkavu ukisugua pale unanyonyoa manyoya.

Vipimo ndivyo vilivyotusumbua. Ukanda wa shingo unakaa juu kabisa, nyuma ya masikio, umebana kiasi cha kupitisha kidole kimoja chini yake. Ukanda wa pua, kinyume chake, unakuwa na nafasi: uweze kuteleza mpaka mwanzo wa ile sehemu nyeusi ya pua, usiweze kuvuka. Watu wengi hufanya kinyume. Wanabana pua na kulegeza shingo, matokeo yake mbwa anaumia na bado anaichomoa.

Odii kwenye kidole

Chui hakuipenda.

Nasema hivi kwa sababu nimeona watu wakisifia hatamu kana kwamba mbwa huivaa kwa furaha. Uso wa mbwa una hisia kali. Kitu kipya puani kinamsumbua, naye atakikwangua kwa mguu, atajiburuza uso kwenye nyasi, atasimama amekaza miguu minne.

Kwa hiyo hatukumvalisha tukatoka. Nilikuwa napaka odii, ile siagi ya karanga na ufuta, kwenye kidole, nakipitisha kidole ndani ya kitanzi cha pua, na yeye anaingiza pua mwenyewe kuifuata. Analamba, anatoa. Analamba, anatoa. Hakuna kinachofungwa. Baadaye bizimu inafungwa kwa muda wa pumzi chache na kufunguliwa kabla hajaanza kukwangua. Kisha anaivaa wakati wa kula. Kisha ndani ya ua, bila kamba. Kamba ilikuja mwisho.

Mama aliona ninachelewesha mambo. Alikuwa na haki ya kuona hivyo, sukari yake haikuwa inangoja. Lakini siku Chui alipoona hatamu mkononi mwangu akaja mwenyewe na kuinua kidevu, nilijua muda ule haukupotea.

Asubuhi ya kwanza ya Mama barabarani na hatamu ilikuwa kitu cha kutazama. Alitembea wima. Alikuwa ameshika kamba kwa mkono mmoja na mwavuli kwa mwingine, akipokea salamu za watu. Alipopita mbuzi, Chui alichomoka nusu hatua, kichwa kikageuka, akamtazama Mama, Mama akampa kipande cha muhogo mkavu na wakaendelea.

Wakaenda mpaka njia panda ya Masese na kurudi.

Utulivu au kunyamazishwa?

Ningeishia hapo kama kusingekuwa na jambo lingine.

Daktari wa mifugo aliyekuja kumchanja Chui alimtazama akitembea, akasema mbwa ametulia vizuri. Kisha akasema kitu ambacho nilikitafakari usiku kucha: kutulia kwa hatamu siyo kujifunza kutembea. Vua hatamu, weka kola, uone.

Nikavua, nikaweka kola. Chui akavuta vilevile kama siku ya kwanza.

Sasa hilo ni kosa la hatamu? Nimelipima pande zote. Mwaka 1998 kulitoka utafiti kwenye jarida la Applied Animal Behaviour Science uliolinganisha mbwa waliovaa hatamu na mbwa waliovaa kola ya kawaida. Vipimo vya mwili, pamoja na kotisoli ambayo ni homoni ya mfadhaiko, havikuonyesha tofauti ya maana. Tofauti ilikuwa kwenye tabia: wa kola walikuwa wakorofi na wavutaji, wa hatamu walikwangua pua zao na kuinamisha vichwa na masikio.

Mtu anaweza kuusoma utafiti huo akafarijika: damu inasema mbwa hateseki. Mimi nilifarijika nusu. Kwa sababu naishi na mbwa huyu, na yale masikio yaliyoinama nimeyaona. Chui akiwa na hatamu ni mbwa mpole zaidi, na ni mbwa mdogo zaidi pia. Upole ule mwingine ni wake, na mwingine umewekwa juu yake.

Nikajiuliza kama mtu anayempenda mbwa anaruhusiwa kukubali hilo.

Jibu nililofika, na bado nalishikilia, ni kwamba anaruhusiwa, kama kile mbwa anachopata kwa upande wa pili ni kikubwa. Bila hatamu Chui asingekuwa anatembea. Angekuwa kwenye mnyororo wake chini ya mwembe, pua haina ukanda, na dunia yake ingekuwa mita tatu. Anachonusa sasa kati ya nyumbani na Masese kwa asubuhi moja ni kingi kuliko alichokinusa miaka yote ya ulinzi wake. Akisimama kwenye nguzo ya umeme kusoma habari za mbwa wenzake, Mama anasimama naye.

Lakini ruhusa hiyo inakuja na deni, na deni hilo nililiona vizuri siku ya mbwa wa jalalani.

Uso uliogeuzwa

Kuna jalala kwenye barabara ya kwenda ziwani ambapo kaloli hukaa siku nzima, wale korongo wakubwa wenye vipara, na mbwa wasio na mwenyewe hugombea nao mabaki. Asubuhi ile mimi ndiye nilikuwa na Chui. Mbwa kama watatu walitoka kwa pamoja, manyoya ya mgongo yamesimama.

Chui akataka kuwatazama. Kamba ikakaza, na hatamu ikafanya kazi yake: ikamgeuza uso kwangu.

Nikaona macho yake yakizunguka kurudi kule, weupe unaonekana, wakati kichwa kimekwama upande wangu.

Mbwa huzungumza kwa uso na shingo. Kumkazia mwenzako macho ni changamoto. Kugeuza uso pembeni ni kusema sitaki ugomvi. Chui alikuwa hajaamua aseme lipi. Mimi, kwa kamba yangu, nilimsemea. Na kama wale watatu wangeamua kumvamia, angekuwa na mdomo ulio wazi lakini kichwa kisicho chake.

Nililegeza kamba, nikajiweka mbele yake, nikawapigia kelele na kuinama kama ninayeokota jiwe. Mbwa wa Uganda wote wanaelewa ishara ile, walirudi nyuma. Lakini nilitetemeka mpaka nyumbani.

Tangu siku ile kamba yetu ina ncha mbili. Fundi alishona ndoano upande wa pili, moja inakaa kwenye hatamu, nyingine kwenye kola ya shingoni. Mwendo wa kawaida unashikwa kwa kola, hatamu inaning'inia imelegea. Ikihitajika tu ndipo mkono unahamia. Na akija mbwa mwingine, upande wa hatamu unaachiwa ili Chui awe na uso wake, na kola ndiyo inayomshika. Pia kama hatamu ikichomoka, mbwa hayuko huru barabarani.

Mambo mengine tuliyajua tangu mwanzo na hatuyachezei. Hatamu haitumiki na kamba ndefu, kwa sababu mbwa akikimbia kasi na kufika mwisho wake kichwa kinapindwa ghafla, shingo inaweza kuumia vibaya. Wala haivutwi ghafla kwa mkono kumuadhibu mbwa. Asiyeweza kuzuia mkono wake asimvalishe mbwa kitu hiki.

Hajati na mtoto

Jirani yetu Hajati hupita mbele ya geti letu kwenda msikitini. Zamani akimwona Mama na Chui alivuka barabara mapema, akainua ukingo wa nguo yake. Mama hakuwahi kuchukia, walikuwa wakisalimiana kwa sauti kutoka ng'ambo hadi ng'ambo. Kwa Waislamu wengi wa kwetu, wanaofuata madhehebu ya Shafii, pua au mate ya mbwa yakikugusa utaosha mara saba, moja kwa udongo. Mtu ametoka kutawadha, anaingia swala, mbwa wa jirani anamrukia na pua yenye unyevu. Hilo si jambo dogo, na mwenye mbwa ndiye mwenye wajibu wa kulizuia.

Siku hizi Hajati havuki. Anapita upande uleule, anasimama umbali wa heshima, anamuuliza Mama habari za sukari.

"Mama Ruti, naona sasa kichwa chake kiko mkononi mwako," alimwambia.

Alikuwa sahihi. Hajati aliutazama ukanda uleule ambao mtoto wa kabalagala aliutazama, naye akaona kilichopo: mbwa ameshikwa. Mtoto akaona kisichokuwepo: mbwa amezibwa.

Hapo ndipo penye mwiba wangu. Ukanda wa pua umetuletea amani na jirani mmoja na kumsogeza mwingine kwenye meno. Watu wa boda nao walikuwa na tafsiri yao, kwamba mbwa yule lazima ni muuaji ndiyo maana amefungwa, na wengine wakampigia honi kumchokoza. Kitu kimoja, macho matatu.

Na suala la mtoto kwangu ni zito kuliko mengine kwa sababu ya kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani linasema karibu visa vyote vya ugonjwa huo kwa binadamu, hadi asilimia 99, hutokana na mbwa, na kwamba asilimia 40 ya wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa nao ni watoto wa chini ya miaka 15. Chui amechanjwa, kadi yake ipo. Ila mtoto anayejifunza kwa Chui kwamba mbwa mwenye ukanda usoni analishwa kwa mkono, kesho atakutana na mwingine asiye na kadi. Ukiumwa, jeraha linaoshwa kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo. Mtoto wa miaka saba hayajui hayo yote. Mtu mzima aliyeshika kamba ndiye anayetakiwa kuyajua kwa niaba yake.

Kuna aliyeshauri tumvalishe kizuizi cha mdomo cha kweli ili kusiwe na utata. Nililifikiria kwa uzito. Kile cha kitambaa kinachobana taya nilikikataa mara moja: mbwa hupoza mwili kwa kuhema, na kwa joto la Jinja kumfunga taya akiwa anatembea ni kumhatarisha maisha. Kile cha wavu, chenye nafasi ya kuhema, ni kitu kizuri kwa mbwa anayeuma. Chui haumi. Kumvalisha ili wengine wasikosee kumtazama niliona ni kumtwisha yeye mzigo ambao ni wetu kuubeba.

Tunaubeba kwa mdomo. Mama sasa akiona mtoto anakuja anasimama, anamweka Chui nyuma ya gauni lake, na anasema kwa sauti: "Mdomo wake haujafungwa. Tazama kwa macho." Baadhi ya watoto wanauliza kile kitu ni cha nini, naye anawaeleza. Matembezi yanachukua muda mrefu zaidi. Anasema hajali, daktari alimwambia atembee, hakumwambia akimbie.

Jioni bila hatamu

Asubuhi ni ya Mama na hatamu. Jioni ni yangu, na kola peke yake, kwenye zile barabara tulivu zenye miti mikubwa upande wa mto.

Kamba ikikaza nasimama. Simkemei wala simrudishi. Nasimama tu mpaka ageuke mwenyewe na kamba ilegee, ndipo tunaendelea. Akiwa kando ya goti langu, anapata kipande cha muhogo pale pale kando ya goti. Siku za mwanzo hatukufika hata mwisho wa ukuta wa jirani. Sasa tunafika mtoni, na kuna vipande virefu vya njia ambavyo nasahau kwamba nimeshika kamba.

Niliwahi kumwambia Mama kwamba mwisho wa mwaka tutaiweka hatamu kabatini. Mama alikataa. Alisema Chui anaweza kuwa amejifunza kwa mkono wangu, lakini mbuzi akitokea ni goti lake litakalopiga chini. Sikuwa na la kujibu, na sijalirudia. Kwa mtu wa miaka yake, kifaa hiki kinaweza kuwa cha kudumu, na sioni aibu ndani yake, mradi anayekishika anamtazama mbwa wake usoni.

Kinachonishughulisha wiki hizi ni kibanda cha fundi. Watu walimwona Mama, wakauliza, na fundi ni mtu wa kazi: ametundika hatamu mlangoni pake, nyekundu na bluu, kubwa na ndogo, pamoja na mikanda ya kifuani. Watu wananunua mchana na kumvalisha mbwa jioni ileile. Nimemwona mbwa mmoja akiburutwa nayo hapo Walukuba, anajikwangua uso mpaka pua imechubuka, mwenyewe akicheka.

Nilimwandikia fundi karatasi ya Kiswahili ya ukurasa mmoja: vipimo vya kidole, kuzoeza kwa chakula kabla ya kamba, ncha mbili, kamba fupi, waambie watoto mdomo uko wazi. Fundi alinisomea kwa sauti mstari kwa mstari, akauliza maswali mazuri, akakubali kutomuuzia mtu kabla hajamsomea. Mteja wa kwanza aliyekuja baada ya hapo alikuwa kijana mwenye mbwa wa pua bapa, zile zilizobonyea usoni. Fundi akamtazama mbwa, akampima puani kwa utepe, akaona ukanda hauna mahali pa kukaa, ungeishia machoni. Akamuuzia mkanda wa kifuani, ule wenye pete mbele.